Klabu ya watoto melini: uzoefu wangu na watoto wawili, wa miaka 4 na 9

Nianze na alama: kwa mtoto wa miaka 9 naipa klabu, yaani chumba ambamo walezi wa meli huwaangalia na kuwachezesha watoto, nyota nne na nusu kati ya tano, kwa wa miaka 4 naipa tatu. Kwa ambaye hajatimiza 3, usikate tiketi kwa ajili ya klabu. Safari yenyewe ni ya usiku 7, ya kuanzia na kuishia Dubai, meli kubwa ya kitalii, na klabu imo ndani ya nauli. Jina la kampuni silitaji. Kasoro nilizoziona zilikuwa za zamu ya walezi na za mlangoni, na wiki inayofuata huenda zamu ikawa ya watu wengine kabisa.

Kwa sisi wa Mombasa, meli za kitalii tunazoziona Kilindini msimu wa kaskazi nyingi ziko katikati ya safari zao. Abiria wanashuka asubuhi, wanatembezwa Fort Jesus na Mji wa Kale, na jioni meli inang'oa. Meli ya familia inafuatwa kwa ndege, na Dubai inafikika moja kwa moja kutoka uwanja wa Moi. Viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikitoka kwenda Doha au Muscat na kurudi, umeingia Imarati mara mbili. Hilo linawahusu watoto pia, kila mmoja na viza yake.

Kabla ya bei, muulize wakala makundi ya umri. Kampuni za meli za Royal Caribbean, Disney, MSC na Norwegian hupokea mtoto klabuni kuanzia miaka 3, Carnival kuanzia 2. Lakini ugawaji wa ndani ndio unaoamua kama ndugu watakaa pamoja. MSC hugawa 3 hadi 6, kisha 7 hadi 11. Norwegian hugawa 3 hadi 5, 6 hadi 9, kisha 10 hadi 12. Basi ndugu wa miaka 3 na 6 kwa MSC wako chumba kimoja, kwa Norwegian wanaachana mlangoni, na mdogo ambaye hajawahi kulala mbali na kakake atakulilia siku mbili za kwanza. Wangu wa 4 na 9 wangetengana kwa MSC na kwa Norwegian pia, kwa hiyo nililijua mapema na nikamwandaa mdogo.

Jambo la pili ni choo. Royal Caribbean na Disney zinataka mtoto wa klabu awe ameshaacha nepi, na ile nepi ya kuvuta kama chupi haihesabiki kuwa ameacha. Mtoto akijiharibia, mlezi hamsafishi. Anakupigia simu uje. Mvalishe suruali ya mpira kiunoni, si salopeti wala mkanda. Na akariri maneno mawili ya Kiingereza, la choo na la maji. Mlezi wa kundi la wangu alitoka Ufilipino, mpole ajabu, lakini "nataka kukojoa" haikumfikia hata kidogo mpaka suruali ikawa imeshalowa. Walio chini ya miaka 3, Royal Caribbean na Disney wana chumba chao cha kulelea, kuanzia miezi 6, kwa malipo ya kila saa. Nafasi ni chache, zishike mtandaoni kabla ya safari.

Sasa uandikishaji, maana hapa ndipo wiki nzima inapoharibika au kutengenea. Siku ya kupanda, klabu hufungua milango alasiri ili wazazi waje kutazama na kuandikisha. Nenda saa hiyo hiyo, bwawa litakungoja. Ukisubiri jioni, utakuta foleni ya wazazi waliokwisha kuvaa kwa ajili ya onyesho, na mlezi mmoja akijaza fomu huku mwingine akiita majina. Beba kadi ya chumba ya kila mtoto. Utaulizwa nani anaruhusiwa kumchukua, neno la siri la kumchukulia, aleji, dawa, na kama mkubwa anaruhusiwa kujitoa mwenyewe. Hilo la mwisho nilikataa: meli ina deki kumi na kitu, na mtoto wa miaka 9 akitoka pale, kitu cha kwanza ni aiskrimu, cha pili ni lifti.

Kwenye fomu kuna kosa moja la kwetu hasa. Klabu inachukua jina la kwanza la pasipoti, na watoto wetu wengi hawaitwi hilo nyumbani. Siku ya kwanza mlezi aliita jina la pasipoti la mdogo mara nne, na mtoto akaendelea kupanga vitofali vyake kama hakuna kitu. Waambie waandike jina la nyumbani kwenye fomu na kwenye bangili ya mkononi. Dakika moja tu, na inaondoa nusu ya usumbufu.

Ratiba huletwa chumbani kila usiku, kwa saa za 24. Kwetu ilikuwa 09:00 hadi 12:00, 14:00 hadi 17:00, 19:00 hadi 23:00, yaani saa tatu mpaka sita, saa nane mpaka kumi na moja jioni, saa moja mpaka tano usiku. Tazama yale mapengo: wakati wa chakula cha mchana na cha jioni klabu imefungwa, mtoto ni wako. Ukishuka bandarini siku nzima, uliza kwanza kama klabu inampokea mtoto ambaye wazazi wote wawili wametoka melini. Kuna zinazokubali kwa sahihi na namba ya simu, kuna zinazotaka mmoja abaki.

Kwa mkubwa, kazi ilikuwa kazi kweli. Kusaka hazina kutoka deki hadi deki kwa vidokezo vya karatasi, kupaka rangi fulana, volkeno ya siki na magadi, mpira kwenye uwanja wa juu wenye wavu, chemshabongo dhidi ya wazazi. Michezo ya video walipewa kwa zamu ya dakika, kwa hiyo hakukuwa na mwenye kung'ang'ania rimoti jioni nzima. Hakutaka kutoka, na hiyo ndiyo nyota ya nne. Nusu imekatwa kwa kurudiwa: kuanzia siku ya tano michezo ni ile ile.

Kwa mdogo, asubuhi ni nzuri sana: udongo wa kuchezea, nyimbo za vitendo, kukata na gundi. Shida ni usiku. Karatasi ilisema kazi za mikono, nikachungulia mara tatu nikakuta katuni. Sababu inaonekana ukisimama pale robo saa: kati ya saa moja na saa mbili usiku wazazi wote wanaleta watoto kabla ya onyesho, mlezi mmoja anabaki mezani, mwingine anapeleka watoto chooni, na wanaobaki wanawekewa skrini ili wakae. Nilipoanza kumleta saa mbili na robo, foleni ikiwa imekwisha, nilimkuta mlezi yuko chini kwenye mkeka na gundi imefunguliwa.

Chakula cha klabuni ni habari nyingine. Kwenye mkahawa wa meli ya Ghuba utapata kujua kilicho halali, lakini bakuli la vitafunio la klabu halina kibao. Soseji, piza yenye vipande vya nyama nyekundu, peremende za jeli ambazo jelatini yake huenda ni ya nguruwe. Fomu inauliza aleji, haiulizi dini, kwa hiyo mimi niliandika palepale kwenye aleji: hakuna nguruwe, hakuna jelatini. Mlezi anasoma safu hiyo kila zamu, kwa sababu aleji humtisha kila mtu. Ukimwambia kwa mdomo tu, zamu ikibadilika limesahaulika. Kuwashibisha kabla ya kuwapeleka pia kunasaidia, maana vibanzi na kuku wa kukaanga wa kila usiku si mlo.

Bahari ya Ghuba msimu wa baridi kwa kawaida ni tulivu, ila upepo wa shamali ukivuma kutoka kaskazini magharibi meli inatikisika. Klabu nyingi ziko deki za juu, na za juu pamoja na za mbele au nyuma kabisa ndizo zinazoyumba zaidi. Katikati na chini ndiko kwenye utulivu. Mtoto anayelevywa na bahari ataanza kulalamika klabuni wakati wewe mkahawani huhisi kitu. Dawa inafaa ikitangulia. Akishaanza kutapika haikai tumboni. Kiasi cha umri wake muulize mfamasia kabla ya kuondoka Mombasa, kwa sababu walezi hawagawi dawa za kawaida. Akiharisha au kutapika kwa ugonjwa, atazuiliwa nje ya klabu hata kama amechangamka, kwa kuwa norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha, huenea melini haraka. Ile dawa ya kunyunyiza mikononi haikiui vizuri. Sabuni na maji ndiyo kinga, na mlezi mzuri huwapanga foleni kwenye sinki kabla ya vitafunio. Wetu walifanya hivyo kila mara, na hapo siwanyimi haki yao.

La usalama ni fupi lakini usiliruke. Majaketi ya kuokolea yaliyo kabatini mara nyingi ni ya wakubwa. Kwa kanuni za kimataifa, saizi ya mtoto ni kilo 15 hadi chini ya 43, na chini ya 15 ni ya mtoto mchanga. Mwombe mhudumu wa chumba jioni ya kwanza, mjaribishe papo hapo. Kisha uliza klabuni: zikilia honi fupi saba na moja ndefu, yaani ishara ya dharura, mimi nije hapa, au nyinyi mnamleta kwenye kituo changu cha kukusanyikia? Jibu hutofautiana meli na meli, na bangili ya mtoto huwa na herufi ya kituo chenu. Hakikisha ni ile ile iliyo kwenye kadi yako; ya mdogo ilikosewa, ikabadilishwa bila ubishi.

Usiku wa mwisho klabu ilifunga mapema, na mabegi yalitakiwa yawe nje ya mlango kabla ya usiku wa manane. Picha na kazi za mikono zichukue mchana, kwa sababu jioni kila mzazi anazitafuta kwenye rundo moja. Na kama bangili ni ya kurudisha, irudishe mwenyewe mezani na uone jina likifutwa, la sivyo utaikuta kwenye bili asubuhi.