OraQuick mjini Lubumbashi: kipimo kizuri, kinaharibiwa na haraka

Wengi hununua OraQuick, kipimo cha kujipima VIH nyumbani kwa majimaji ya ufizi, siku mbaya. Jana usiku kondomu imepasuka, leo asubuhi mtu yuko famasi, ananong'ona ili aliye nyuma yake asisikie, analipa na kukimbilia nyumbani. Pesa hiyo imeshapotea kabla mfuko haujachanwa. OraQuick haitafuti kirusi chenyewe. Inatafuta kingamwili za VIH-1 na VIH-2, na mwili huchukua majuma kuzitengeneza za kutosha. Ndiyo maana jibu la "hakuna" huaminika pale tu miezi 3 imepita tangu tukio. Ukijipima leo, kinakujibu kuhusu mambo ya zamani. Habari za jana usiku hakina. Wa jana usiku aende kituo cha afya akaulize PEP, dawa za kuzuia VIH baada ya tukio: huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo salama zaidi, na dawa humezwa siku 28.

Tukishaelewana hapo, tukisifu. Mfuko una sehemu mbili: moja ina kichupa cha maji, nyingine ina kipimo chenyewe, kijiti bapa chenye pedi laini mwishoni. Hakuna sindano, hakuna damu, hakuna mashine, na umeme ukikatwa hakijali. Kwa mtu wa Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, anayeogopa kuonwa na jirani kwenye foleni ya kituo cha mtaani, hilo peke yake ni sababu tosha ya kukinunua.

Shaka yetu iko kwenye rafu ya duka kuliko kwenye kipimo. Mtengenezaji anataka kihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Lubumbashi mwezi wa kumi, mvua bado inasitasita, chumba cha mabati kisicho na dari hupita 30 mchana kweupe, na boksi lililopangwa juu kabisa, karibu na bati, ndilo linaloungua. Tarehe ya mwisho iliyochapwa haihesabu joto hilo. Nunua kwenye famasi yenye dari, omba boksi la rafu ya chini, kataa mfuko uliotoboka au uliofunguka pembeni. Mwezi wa sita na wa saba taabu hugeuka: kipimo hufanya kazi kati ya nyuzi 15 na 37, na asubuhi ya baridi chumba kinaweza kuwa chini ya hapo. Acha jua lipande, mfuko ukae ukiwa umefungwa mpaka upate joto la chumba.

Panapoharibika zaidi ni mdomoni. Usile wala kunywa kitu kwa dakika 15 kabla, iwe bukari au munkoyo, na usipige mswaki wala kusukutua kwa dawa ya kinywa dakika 30 kabla. Kifuniko cha kichupa kitolewe kwa kukiyumbisha taratibu kushoto na kulia. Ukikivuta kwa nguvu maji humwagika, na hapo kipimo kimekwisha, hakiongezewi maji ya bomba. Simamisha kichupa kwenye kishikizo chake. Shika kijiti bila kugusa pedi, ikandamize kwenye ufizi wa juu na uipitishe mara 1 kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha ufizi wa chini mara 1. Usifute ulimi, shavu wala kaakaa. Kinachotafutwa ni majimaji ya ufizi yenye kingamwili, wala si mate. (Na hapana, hii haina maana kwamba sida inaambukizwa kwa mate, swali hili linarudi kila siku.) Ingiza pedi ndani ya kichupa mpaka iguse chini, weka saa ya simu dakika 20, usikitoe tena. Rangi ya waridi itapanda kwenye dirisha dogo la kijiti kisha ififie. Hiyo si jibu.

Jibu husomwa kati ya dakika 20 na 40. Mstari kwenye C (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) peke yake: hakuna kingamwili zilizoonekana. Mistari miwili, hata ule wa T (wa jibu) ukiwa hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa: kipimo kimeitika, yaani kimeona kingamwili. Mstari wa T bila C, au dirisha tupu: kimeharibika, tafuta kingine. Hapa wasiwasi hutengeneza ugonjwa wake wenyewe. Mtu amesoma C peke yake dakika ya 25, akalala. Usiku wa manane anaamka, anakifukua kijiti kwenye takataka na kukimulika kwa taa ya simu, anaona kivuli. Baada ya dakika 40 kivuli hicho hakina maana yoyote. Piga picha ndani ya muda, kisha ukitupe mbali.

Je, kinaaminika? Marekani ilipokiruhusu kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2012, majaribio kwa watu wa kawaida yalionyesha kwamba kati ya waliokuwa na virusi kilikamata asilimia 91.7, yaani mmoja kati ya 12 hivi alikiponyoka. Kati ya wasio navyo, kilisema kweli kwa asilimia 99.98. Basi ubovu wake uko upande wa kukosa kuona, na kujipima mapema mno huuzidisha. Anayekunywa ARV (dawa za kutibu VIH) au PrEP (dawa za kujikinga kabla ya tukio) asikitegemee kabisa: dawa zinaweza kukifanya kisionyeshe kitu, na kuna walioacha dawa kwa sababu ya mstari mmoja wa uongo.

Kununua vipimo vitano kwa wiki moja hakuongezi ukweli, maana vyote vinatafuta kingamwili zilezile. Kama miezi 3 haijafika na moyo hautulii, badili aina ya kipimo: labo inayotoa damu ya mshipa na kupima antijeni p24, kipande cha kirusi chenyewe, pamoja na kingamwili hutoa jibu la kuaminika kuanzia siku 45. Na kikiitika, hakuna anayeandikiwa dawa kwa kijiti hiki. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linataka vipimo 3 mfululizo viitike kabla mtu hajaambiwa ana VIH.

Kisichopimwa humu ni vingine vyote: kaswende, homa ya ini B, kisonono. Wanaouza "bilan" nzima ya labo, yaani vipimo vingi kwa pamoja, huziba pengo hilo, lakini soma karatasi yao. Wakiandika "Chlamydia IgG" kwa damu, yaani kingamwili za Chlamydia, ugonjwa wa zinaa, waulize kwa nini. Kingamwili hizo hubaki miaka baada ya kupona, na huweza kuchanganywa na za Chlamydia pneumoniae, kijidudu cha mapafu. Wanandoa hunyweshwa antibiotiki raundi baada ya raundi wakisubiri namba ishuke, na kati yao kila mmoja anamtuhumu mwenzake. Chlamydia ya sasa hutafutwa kwenye mkojo au uteute, kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu chenyewe. Kama labo haina, heri pesa hiyo ibaki mfukoni.