Programu ya kurekodi skrini: chagua isiyokupotezea somo umeme ukikatika

Malalamiko ya walimu, wahasibu na wakufunzi wa ofisini yanafanana mno. Somo la Excel la saa nzima limerekodiwa, umeme umekatika dakika ya 50, kompyuta imewashwa tena, na faili lipo. Lina mamia ya megabaiti kama kawaida. Ila halifunguki, hata kwa VLC, programu ya kucheza video inayofungua karibu kila aina ya faili. Wengi wao walichagua programu kwa kuangalia 4K, mapambo ya mshale na bei, mambo ambayo kila tangazo linayataja, kwa hiyo hapa sitaanza nayo. Kwa mtu anayefundisha mahali ambapo umeme haueleweki, swali la kwanza ni hili: programu ikizimika ghafla, je, kilichokwisha kurekodiwa kinabaki?

Chanzo ni aina ya faili. MP4 ya kawaida huandika picha na sauti kadiri unavyorekodi, lakini ile orodha inayoonyesha kila picha iko wapi ndani ya faili huandikwa mwishoni kabisa, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, orodha haipo, na hakuna programu ya kucheza video inayojua ianzie wapi. Diski ikijaa, au Windows ikijiwasha upya kwa ajili ya masasisho, matokeo ni hayo hayo. MKV haina udhaifu huo: huandikwa vipande vipande, na kila kipande kinasomeka chenyewe. Umeme ukienda unapoteza sekunde chache za mwisho, basi.

Kabla ya kulipia programu yoyote, ipime hivi. Rekodi dakika mbili huku ukizungumza. Bila kusimamisha kurekodi, fungua Task Manager, chagua programu hiyo, bonyeza End task. Kisha jaribu kufungua faili. Likigoma, usitoe hela yako. Jaribio hili linafanyika vizuri tu katika kipindi cha majaribio cha bure ambacho programu nyingi za kulipia zinatoa.

Ninayoipa nafasi ya kwanza ni OBS Studio, na sioni haya kuipendelea. Ni bure kabisa, haina kikomo cha dakika, haibandiki jina lake juu ya video yako, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Nenda Settings, kisha Output, na kwenye Recording Format chagua Matroska, yaani MKV. Matoleo kuanzia 30.2 yana pia Hybrid MP4, iliyotengenezwa mahsusi ili faili lisiharibike programu ikikatika. Ukimaliza somo la MKV, fungua menyu ya File, chagua Remux Recordings, nalo linageuzwa kuwa MP4 bila kupunguza ubora. Kazi hiyo ni ya muda mfupi kwa sababu picha hazichakatwi upya. Usiiruke: video ya MKV ukiituma WhatsApp inakwenda kama hati, na wanafunzi wengi watashindwa kuifungua kwenye simu.

Mipangilio mingine ya OBS inayofaa mafunzo: picha 30 kwa sekunde zinatosha, na kwa somo la Excel au QuickBooks hata 15. Weka Video Bitrate (kiasi cha data kwa sekunde) 2,500 Kbps, ambayo inakula takriban GB 1.1 kwa saa. Ukiipandisha hadi 10,000, saa moja inapita GB 4, na flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi hapo. Kwenye laptopu ya zamani, pale pa Video Encoder, usitumie x264, inayoibebesha CPU kazi yote ya kubana video. Chagua QuickSync kama una Intel au NVENC kama una kadi ya NVIDIA, la sivyo mshale utaruka-ruka. Sauti ya maikrofoni iweke kwenye Track 1 (njia ya sauti ya kwanza) na ya kompyuta kwenye Track 2, ili mlio wa ujumbe ulioingia katikati ya somo uweze kuuondoa bila kugusa maneno yako. Ongea mpaka kipimo kicheze kwenye njano. Kikigusa nyekundu, punguza.

OBS ina mambo mawili yanayowakatisha tamaa wanaoanza. La kwanza ni skrini nyeusi. Laptopu yenye kadi mbili za picha huiendesha OBS kwenye kadi moja huku skrini ikiendeshwa na nyingine. Fungua Settings za Windows, nenda System, Display, Graphics, iongeze OBS na uipe Power saving, kisha uifunge na kuifungua tena. La pili ni kwamba haikati wala kuunganisha video. Kwa hilo chukua Shotcut au Kdenlive, zote bure.

Nafasi ya pili ni Camtasia ya TechSmith, kwa anayeishi kwa kuuza mafunzo. Mshale wa kipanya huuhifadhi kando na picha, hivyo unaweza kuukuza au kuulainisha baada ya kurekodi, na kusogeza skrini karibu ni kazi ya kuburuta tu. Anayefundisha watu wanaotazama kwenye simu atalithamini sana hilo. Lakini hurekodi kwenye faili lake la trec, ambalo ni la Camtasia yenyewe, kwa hiyo jaribio la Task Manager lifanye kwenye mashine yako kabla ya kulipa.

Loom ni ya tatu, na ni kwa maelezo mafupi ya kumwonyesha mwenzako kitu. Mpango wa bure una kikomo cha dakika 5 kwa video na video 25 kwa jumla. Kila kitu kinapanda mtandaoni, kwa hiyo bando linakwisha upesi.

Zilizobaki kwa ufupi. Bandicam ya bure inakoma dakika ya 10 na kuacha jina lake kwenye video. Game Bar ya Windows hurekodi dirisha moja tu, na eneokazi hairekodi kabisa. Snipping Tool ya Windows 11 yafaa kwa dakika mbili tatu.

Sasa wauzaji. OBS ni bure kwenye obsproject.com, lakini wapo mafundi wanaowatoza watu kana kwamba wanauza programu yenyewe. Kumlipa fundi kwa kazi ya kukupangia mipangilio ni haki yake. Kumlipa leseni isiyokuwepo ni kuibiwa. Wabaya zaidi ni wanaouza Camtasia iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, kwenye flashi: kitu cha kwanza wanachokuambia ni uzime kinga ya virusi, kwenye kompyuta ile ile yenye hesabu za ofisi na barua pepe zako.

Na bei zenyewe zinaumiza. Camtasia zamani ililipiwa mara moja ikawa yako. Sasa ni malipo ya kila mwaka, kwa dola, zaidi ya 100. Kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa inaweza kulipia, lakini angalia jumla kwenye ukurasa wa mwisho, maana VAT inaweza kuongezwa hapo. Mwalimu wa kujitegemea anayekosa wateja miezi mitatu bado anadaiwa mwaka mzima, na akiacha kulipa, miradi yake ya tscproj, yaani faili za kuhariri za Camtasia, haifunguki kwa programu nyingine. Ukiinunua, kila somo likikamilika litoe kama MP4 siku hiyo hiyo, na sauti yako isiyochanganywa ihifadhi peke yake kama WAV.