Fort Jesus sina neno nayo, ila huyo mwongozaji mkimbieni

Juzi juzi nilipeleka wageni wangu kutoka bara Fort Jesus, Mombasa. Nje ya lango akatudaka kijana mmoja, si mfanyakazi wa makumbusho, ni hawa wanaojitafutia wenyewe, kadi inaning'inia shingoni. Tukapatana bei. Hata ndani hatujaingia, keshatangaza: "Ngome hii aliijenga Vasco da Gama."

Nikamwambia kwa upole, mwanangu, da Gama alifika hapa 1498. Ngome Wareno walianza kuijenga 1593, yeye alishakufa zamani, na aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Akanikata jicho mbele ya wageni: "Mama, historia niachie mimi, wewe piga picha."

Piga picha! Mimi, mzaliwa wa Mji wa Kale!

Tangu hapo kila alilosema lilinichoma. Langoni pana jiwe la maandishi ya Kireno, kamanda Seixas de Cabreira anajigamba jinsi alivyowatia adabu wafalme wa pwani. Kijana hata kidole hakuinua. Na majigambo hayo yana chanzo chake: miaka michache nyuma, 1631, Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, waliyemlea Wareno wenyewe huko Goa, India, na kumbatiza Dom Jerónimo, alimuua kamanda wao mumu humu na kuishika ngome. Mgeni gani hataki kusikia kisa hicho?

Lililonimaliza kabisa ni ule mzingiro wa 1696 hadi 1698, Waarabu wa Oman walipoizingira ngome ya Wareno. "Waarabu walipigana na Wareno, Waarabu wakashinda." Basi, kamaliza, twende kwenye vinyago. Yaani zaidi ya miaka miwili na nusu watu wamefungiwa mle, tauni inawapukutisha, mpaka mwaka 1697 ikafika mahali Wareno wamekwisha na anayeongoza ulinzi ni Bwana Daud wa Faza, kisiwani Pate, na jamaa zake, pamoja na Waafrika waliobaki, wanawake kwa wanaume. Waswahili walikuwemo ndani ya kuta na nje pia. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ikaja kuzama papo hapo chini ya ngome. Hayo yote yeye kayafanya sentensi moja!

Nilishaamua nyota moja. Lakini alipokuwa kwenye simu (na simu zilikuwa nyingi) niliwachukua wageni nikawaonyesha michoro ya askari wa Kireno ukutani, meli walizochora kwa mkaa na udongo mwekundu. Mmoja wao akaganda pale, anafuata kamba za tanga moja moja kwa macho. Kisha tukaishuka ile njia ya matao iliyochongwa kwenye mwamba wa matumbawe kuelekea baharini, upepo ukatupiga, bandari ya kale ikafunguka mbele yetu. Hapo hasira ikashuka, nikasema hapana, ngome ina kosa gani? Nyota nne. Tano hata.

Ila kutoka tu, kijana akataka nyongeza juu ya bei tuliyopatana, ati ziara imekuwa ndefu. Ndefu! Kwa sababu ya nani? Haya, tatu. Nendeni, lakini ingieni wenyewe, msome vibao polepole. Na nikimlipa, huku anahesabu noti, ananiambia: "Mama, usisahau kutuandikia maoni mazuri mtandaoni."

Nimeandika.