Redio za transista za Marekani ya miaka ya 1950: ipi ununue kwanza

Redio ya transista yenye jina kubwa kuliko zote, Regency TR-1, nimeiweka ya mwisho katika orodha hii. Nasema mapema ili anayeitafuta hiyo peke yake asipoteze muda, na ili anayetaka redio ya kusikiliza ajue nimesimama wapi. Mimi nanunua redio ziongee. Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio Tanga, na la kwanza alilonifundisha ni kwamba redio isiyotoa sauti ni boksi tu. Hapa Marekani ninakoishi nimezikusanya moja moja, kwenye masoko ya mitumba ya Jumapili na kwenye nyumba ambazo watoto wanauza vyombo vya mzazi aliyefariki. Zilizo rafuni kwangu zote zinaongea.

Ninazozizungumzia ni redio za mkononi zilizouzwa Marekani kati ya 1954 na 1959. Kabla yake redio ya nyumbani ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo zinazopata moto ndani ya redio, imekaa sebuleni, na aliyeishika ndiye aliyechagua stesheni. Transista, kipande kidogo kilichochukua kazi ya valvu, iliitoa redio mikononi mwa baba ikaiweka chini ya mto wa kijana. Kijana wa 1957 aliweza kusikiliza Elvis Presley au Chuck Berry usiku wa manane kwa kisikizio cha sikio moja, na mlango wa chumba cha wazazi ukabaki umefungwa.

Bei za wakati ule usizisome kwa dola, zisome kwa saa za kazi. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa senti 75 kwa saa, kikapanda kuwa dola 1 Machi 1956. Hambaga ya McDonald's ilikuwa senti 15. Stempu ya barua ilikuwa senti 3, ikawa 4 Agosti 1958. Familia ya kipato cha kati mwaka huo ilipata kama dola 5,100 kwa mwaka mzima, yaani chini kidogo ya dola 100 kwa wiki. Sasa chukua redio ya dola 75 uiweke mbele ya mtu anayelipwa senti 75: ni saa 100 za kujiinamia. Na wapo ambao hata kima hicho hakikuwahusu. Wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje ya sheria ile, na Waamerika weusi wengi walikuwa kwenye kazi hizo hizo. Nikishika redio ya zamani iliyochakaa mpini, huwa nawaza ni nani aliyeilipia, na kwa muda gani.

1. Zenith Royal 500

Hii ndiyo ya kununua kwanza. Ilitoka mwishoni mwa 1955 kwa dola 75, ndiyo zile saa 100 nilizozitaja. Ina transista saba. Vitufe vyake viwili vya kuzungusha vimekaa juu kama macho ya bundi, na wakusanyaji wanaiita hivyo hivyo, redio ya macho ya bundi. Gamba lake ni la nailoni, gumu. Nimekutana na nyingi zilizokwaruzika na chache sana zilizopasuka.

Sababu yangu kubwa ni betri. Inatumia betri nne ndogo za AA, zile zile za rimoti ya televisheni, unazipata duka lolote. Sababu ya pili ni jinsi ilivyoundwa: matoleo ya mwanzo yaliungwa nyaya kwa mkono, na transista zake zimechomekwa kwenye soketi. Fundi anaichomoa moja, anaipima, anairudisha, bila kushika chuma cha kulehemu. Baba angeipenda redio hii. Na sauti yake imejaa, haikwaruzi masikio kama ilivyo kwa redio nyingi za ukubwa ule.

Ukiikuta yenye jina la Royal 500 lakini imeongezwa herufi mwishoni, hilo ni toleo la baadaye. Usiikatae. Za mwisho mwisho ni za miaka ya 1960, na zipo zinazosikika vizuri kuliko ya kwanza, ila hutakuwa umenunua redio ya miaka ya 1950.

2. Emerson 888

Mfululizo huu una transista nane, na uzuri wake umeanza kwenye majina. Warusi walirusha setilaiti ya Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, Marekani nzima ikatazama juu kwa hofu. Wamarekani wakajibu na Explorer 1 Januari 1958, kisha Vanguard 1 mwezi Machi. Emerson wakaziita redio zao Vanguard, Explorer, Pioneer, Satellite, Atlas. Mtu alikuwa ananunua kipande cha habari za gazeti la asubuhi, anakitia kwenye begi.

Kwa bei ya leo hii ndiyo nafuu ya kweli katika orodha. Zilitengenezwa nyingi, watu hawazigombanii kama Sony, na sauti yake inakaribia sana ya Zenith. Angalia nakshi za chuma mbele: zikibonyea hazinyooki. Mtu mwenye mfuko mwembamba aanzie hapa bila wasiwasi wowote.

3. Sony TR-63

Kwa umbo, hakuna ya kuishinda. Ilifika Marekani 1957 kwa dola 39.95, saa 40 za kima cha chini, wiki moja ya kazi. Ina transista sita na inatumia ile betri ya mraba ya volti 9 unayoijua mpaka leo. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa Sony, alisimulia baadaye kwamba redio ilizidi kidogo mfuko wa shati la kawaida, ikabidi wauzaji wao washonewe mashati yenye mifuko mikubwa zaidi. Mimi nimeijaribu. Kweli inang'ang'ania mdomo wa mfuko.

Hiyo ndiyo redio iliyowafungulia Wajapani soko la Marekani, na kwa hiyo wakusanyaji wanaitaka sana. Bei imepanda, na plastiki yake, tofauti na nailoni ya Zenith, hupasuka pembeni. Muuzaji akikutumia picha zisizoonyesha pembe zote nne, mwombe nyingine. Asipotuma, achana naye.

4. General Electric

Redio za GE za miaka ile ni imara, zipo nyingi, na bei yake haiumizi. Sura zao hazinisisimui, lakini kwa kijana anayejifunza kulehemu ni za kufaa kabisa, maana akiharibu moja hatalia.

5. Regency TR-1

Heshima yake haina mjadala. Ilitangazwa Oktoba 1954, ikiwa redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, imeundwa Indianapolis kwa transista nne za Texas Instruments, bei dola 49.95. Kwa senti 75 kwa saa hizo ni saa 67. Rangi zake, umbo lake la kukaa kiganjani, duara lile kubwa la kutafutia stesheni, vyote vinapendeza kupita maelezo.

Lakini betri yake ni ya volti 22.5, haikai kwenye duka la mtaani, na ukiipata ni ghali. Transista nne hazitoshi, sauti ni nyembamba. Mimi niliagiza moja kwa njia ya mtandao, maelezo yakisema inafanya kazi. Ilipofika nikaitikisa kidogo, nikasikia kitu kinagonga ndani. Feraiti ya antena, ile fimbo nyeusi inayonasa mawimbi, ilikuwa imekatika vipande viwili. Muuzaji hakujibu tena. Nililipa kwa hiyo redio moja fedha ambazo zingeninunulia Emerson kadhaa zinazoongea, na roho iliniuma miezi. Kwa hiyo nasema: kama unataka historia ya kuweka kwenye kabati la kioo, inunue. Kama unataka kusikiliza, pita.

Nje ya orodha: Zenith Royal 1000

Hii si ya mfukoni, ni ya kubeba kwa mpini, na nimeitenga kwa sababu nyingine. Redio zote tano za juu hunasa masafa ya kati tu. Royal 1000, iliyotoka 1957, ilikuwa na masafa mafupi pia, bendi nane kwa jumla, ikiwa na transista tisa. Bei: dola 250. Hizo ni zaidi ya wiki sita za kima cha chini, au wiki mbili na nusu za kipato cha familia nzima ya kati. Redio ya matajiri na ya mabaharia.

Mwaka huo huo, tarehe 27 Juni 1957, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza kutoka London. Redio ya masafa mafupi ndiyo iliyowapa babu zetu habari za dunia. Kwa mtu wa kwetu mwenye uwezo, hii ina maana ambayo Regency haitakuwa nayo kamwe.

Kabla hujatoa pesa

Nenda na betri zako. Usitegemee kauli ya "ilikuwa inafanya kazi". Kwanza fungua mlango wa betri: ukiona unga mweupe au kijani, betri zilivuja humo, na kama kutu imefika kwenye bodi punguza bei kwa nusu au ondoka. Kisha zitie betri kwa kufuata alama, uangalie mara mbili. Transista za wakati ule ni za germani (germanium), na ukigeuza betri unaweza kuziua kwa sekunde chache.

Ikiwaka lakini sauti ni ndogo, au inatoa mlio wa put-put-put kama boti ya mashine, usikimbie. Kapasita, vile vipande vinavyotunza chaji ya umeme, zimekauka. Ni ugonjwa wa uzee, dawa yake ni rahisi, na kwako wewe ni nafasi ya kushusha bei. Kimya kabisa ni jambo jingine.

Tazama pia kipimo cha stesheni. Kwenye namba 64 na 124, yaani kilohezi 640 na 1240, utaona vialama vidogo, mara nyingi pembetatu. Redio zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zilitakiwa kuwa navyo kuanzia 1953 hadi 1963. Ingetokea vita, stesheni zote zingenyamaza na sauti ya serikali ingesikika kwenye namba hizo mbili tu, ili ndege za adui zisifuate mawimbi ya redio mpaka mjini. Pasipo alama hizo, ama redio si ya miaka hiyo ama haikutengenezwa kwa soko hilo.

Jaribio la mwisho lifanye usiku, maana masafa ya kati husafiri mbali jua likizama. Zima taa za LED na chomoa chaja za simu, zinapiga kelele kwenye masafa haya. Geuza redio polepole kulia na kushoto mpaka sauti isimame vizuri. Hivyo ndivyo vijana wa kusini walivyoinasa WDIA ya Memphis, stesheni ya wati 50,000 iliyotangaza kwa ajili ya watu weusi, mahali mwanamuziki wa bluzi B.B. King alipokuwa mtangazaji kabla dunia haijamjua. Na Los Angeles, timu ya Dodgers walipohamia kutoka Brooklyn mwaka 1958 wakacheza besiboli kwenye uwanja mkubwa kupita kiasi, mashabiki walikwenda na transista zao, wakamtazama mchezaji kwa mbali huku wakimsikiliza mtangazaji Vin Scully akiwaeleza kinachotokea mbele yao.

Ukitaka kumpelekea mtu redio hii nyumbani, muulize kwanza kama usiku ananasa stesheni yoyote ya masafa ya kati. Akisema hakuna, muongezee kirushio kidogo cha AM, yaani cha masafa haya ya kati, kile cha nguvu ya kutosha chumba kimoja. Unakiunganisha na simu, unatafuta namba tupu. Mimi jioni nyingi namweka mwanamuziki Fundi Konde kwenye kilohezi 1400, na Royal 500 inamtoa kana kwamba yuko studio.