Mifuko ya pedi za kufua kwa shule za Mtwara na Lindi: ipimwe Februari, si Mei

Misaada mingi ya pedi kwa wanafunzi hufika shuleni karibu na tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama. Kwa mikoa ya kusini huo ni wakati ambao karibu kila pedi itaonekana nzuri: mvua zimekwisha, kiangazi kinaingia, nguo iliyoanikwa asubuhi inaanuliwa mchana. Thamani ya mfuko hujulikana Februari, mvua za msimu zikiwa zimeshika kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu. Kwa kipimo hicho tumeangalia aina mbili za mifuko ambayo mafundi cherehani hushona kwa oda za mashirika na shule, pamoja na mafunzo ya walimu yanayoambatana nayo.

Aina ya kwanza ni pedi ya kipande kimoja. Juu ina flaneli, katikati tabaka nne hadi sita za pamba, chini kitambaa kisichopitisha maji, vyote vimeshonwa pamoja, na mabawa mawili yanayofungwa chini ya chupi kwa kishikizo cha kubonyeza. Ni nadhifu na haina vipande vya kupotea. Msichana anaielewa mara moja bila maelekezo marefu. Mfuko wake huwa na pedi tatu au nne.

Aina ya pili ina kikingio na vitambaa vya ndani, muundo uliosambazwa sana na Days for Girls, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2008. Mfuko kamili una vikingio 2 visivyopitisha maji, vitambaa 8 vya flaneli, chupi 2, sabuni, kitambaa cha kunawia na kifuko cha kubebea. Kitambaa cha ndani hukunjwa mara tatu kwa urefu, kisha ncha zake huchomekwa kwenye vifuko vidogo vilivyo kila upande wa kikingio. Kikikunjuliwa ni kama leso tu.

Sasa piga hesabu. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, na mapema zaidi siku mbili za mwanzo, kwa hiyo msichana anahitaji tatu au nne kwa siku. Kwa jua la Agosti pedi nene ya kipande kimoja hukauka siku hiyohiyo, na nne zinatosha kwa kubana. Februari hewa imejaa unyevu. Juu patakuwa pakavu, lakini tabaka za katikati zinaweza kubaki mbichi hadi siku ya pili au ya tatu. Msichana akiivaa hivyo ngozi inachubuka, pedi inanuka mvundo, na ukungu unaota mahali ambapo sabuni haifiki. Fundi hana kosa hapo. Pedi ya namna hiyo inafaa mahali penye jua la uhakika. Kitambaa cha aina ya pili kikitandazwa kinakuwa na tabaka moja au mbili, na hukauka hata barazani, chini ya paa, upepo ukipita.

Kuna na suala la kuonekana. Wasichana wengi wa huku wamefundishwa na somo au nyakanga, wanawake wanaowafunda mwali, tangu unyagoni, kwamba nguo ya hedhi haionwi na mtu. Ndiyo maana huanikwa uvunguni mwa kitanda, au kwenye kamba lakini chini ya kanga mbichi. Pedi yenye umbo la pedi haitatoka nje hata mwalimu aseme nini. Leso ya maua yenye rangi iliyokolea hutoka, na jua linaifikia. Kwa sababu hizo mbili tunachagua aina ya pili bila kusita, ingawa ina vipande vingi na inadai kufundishwa vizuri zaidi.

Ukiletewa sampuli, igeuze uangalie chini kwanza. Mshono ukipita katikati ya kitambaa kisichopitisha maji, kila tundu la sindano ni njia ya damu. Mishono iishie pembeni, na uzi uwe wa poliesta. Fua sampuli mara tatu kabla ya kuijaribu, maana flaneli mpya ina dawa ya kiwandani inayofanya maji yateleze juu yake. Ikishakauka, mimina katikati vijiko viwili vikubwa vya maji, weka karatasi chini, ubonyeze kwa kiganja dakika nzima. Karatasi ikilowa, rudisha. Pedi ikikunjamana baada ya kufuliwa, ujue fundi hakulowesha flaneli kabla ya kukata: ya juu imesinyaa, ya chini imebaki na urefu wake. Vishikizo viwe vya plastiki, kwa sababu vya chuma hupata kutu upesi kwenye hewa ya chumvi ya Mikindani au Kilwa Masoko, na kutu ikishaingia kwenye kitambaa haitoki. Kitambaa cha chini kiwe PUL, yaani poliesta iliyopakwa utando wa plastiki usiopitisha maji. Ikikosekana, baadhi ya mafundi huweka kitambaa cha mwavuli, ambacho huzuia maji mwanzoni na kuanza kuvujisha kadiri kinavyofuliwa.

Chupi nazo ziwemo kwenye mfuko. Mabawa hayana pa kujifunga bila chupi inayokaa vizuri, na hapo ndipo wafadhili wanaotaka kupunguza gharama hukata kwanza.

Ufuaji wenyewe una mambo machache yasiyovumilia uzembe. Kitambaa kilowekwe kwenye maji baridi kwa nusu saa. Maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Kisha kisuguliwe kwa sabuni ya mche, kisuuzwe mpaka maji yawe maangavu, kikamuliwe na kuanikwa. Nusu ya ndoo ya lita 20 hutosha vitambaa vya siku moja, na hilo si jambo dogo kwenye Uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ambako kiangazi maji hununuliwa kwa ndoo. Pwani shida ni nyingine: maji ya visima vingi yana chumvi, sabuni haitoi povu, na utando wake hubaki kwenye flaneli hadi kitambaa kikaacha kunyonya. Dawa yake ni kusuuza mara moja zaidi, na kwa maji ya mvua kila yanapopatikana. Jiki isiguse kikingio, wala pasi. Kwa vitambaa vya ndani, pasi ya mkaa inafaa sana siku za mvua, kwa kumalizia unyevu uliobaki.

Yote haya yanamtegemea mwalimu, na mafunzo yake ndiyo sehemu dhaifu ya huduma hii. Utaratibu uliozoeleka ni semina ya siku moja mjini: mwalimu mmoja wa kike kutoka kila shule, posho, kabrasha, kwaheri. Akihamishwa, ujuzi unahama naye. Akiwa likizo, ufunguo wa kabati la akiba uko kwake. Walimu wa kiume hawakuitwa, na hao pia ndio wanaombwa ruhusa ya kutoka darasani bila kuelewa kwa nini msichana yuleyule anaomba mara mbili asubuhi moja.

Mafunzo yenye manufaa hufanyika shuleni, kwenye jumuiya ya ujifunzaji ambayo tayari ipo chini ya MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, na walimu wote wakiwepo pamoja na mkuu wa shule. Vipindi viwili vya saa moja na nusu vinatosha. Cha kwanza ni cha mikono: kila mwalimu akunje kitambaa, akichomeke, akifue kwenye beseni mbele ya wenzake. Cha pili kije baada ya wiki tano au sita, wakati karibu kila msichana ameshatumia mfuko wake mara moja, kwa ajili ya yaliyoharibika: kuvuja, harufu, vipande vilivyopotea. Hicho cha pili ndicho hukatwa bajeti ikipungua, na ndicho chenye faida zaidi. Nyakanga wa kijiji aalikwe kuanzia kipindi cha kwanza. Akikubali kwamba leso ianikwe juani, wasichana wataianika; akikataa, mwalimu atazungumza peke yake.

Mwalimu afundishwe pia kukagua vyoo. Kiwango cha taifa ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na kufikia idadi hiyo kunataka fedha nyingi. Lakini komeo la ndani, msumari wa kutundikia kifuko, ndoo ya maji na chombo chenye mfuniko ni vitu ambavyo shule inaweza kuvipata wiki hii.

Kuhusu bei, linganisha na pedi za dukani za kutupa, hivi: pedi nne kwa siku, kwa siku nne, ni pakiti mbili za pedi nane kila mwezi. Kwa shilingi 2,000 hadi 2,500 kwa pakiti, mwaka mzima ni kati ya shilingi 48,000 na 60,000. Mfuko wa kufua ukitunzwa hupita mwaka, kwa hiyo ukiuziwa kwa zaidi ya nusu ya kiasi hicho, omba mchanganuo wa gharama.

Kwa shule za huku tungeagiza vitambaa 10 badala ya 8, na vishikizo vya akiba kwa kila shule. Oda iwekwe Agosti ili mifuko ifike Oktoba, wasichana wapate mwezi mmoja au miwili ya jua wa kuzoea kufua na kukunja. Ukingoja Desemba, mafundi wamezama kwenye sare za shule, na hata oda ndogo hukaa foleni.