Gym ya uani mtaani kwetu: benchi zuri ila usilalie peke yako

Nina miezi saba hapa so naona nina haki ya kuongea. Jina la gym silitaji, mwenyewe tunasalimiana kila asubuhi na bado naendelea kufanya tizi palepale. Ni hizi gym zetu za uani hapa Dar, bati juu, spika moja kubwa inapiga singeli kutwa, buku mbili kwa siku au elfu thelathini mwezi mzima. Mi naongelea benchi tu, lile la kulala chali ukasukuma rodi ya vyuma juu, maana ndo kila mtu anachokifuata, Jumatatu jioni utakuta watu tisa wanasubiria benchi moja halafu kwenye sehemu ya miguu buibui wamejenga.

Benchi lenyewe kiukweli fundi alijua anachofanya. Limechomelewa hapahapa mtaani, siyo la dukani, lakini halitikisiki hata lilaliwe na baunsa wa kilo mia. Nililipima kwa futi ya cherehani ya wife likaja sentimita 44 kwenda juu, na kwenye mashindano ya kimataifa wanataka iwe kati ya 42 na 45, kwa hiyo miguu inakanyaga chini vizuri. Watu wanadharau hilo ila benchi likiwa refu miguu inaning'inia, unakosa pa kujikaza na makalio yanaanza kunyanyuka.

Vyuma sasa. Rodi moja ni ile ya Olimpiki ya kilo 20, safi kabisa. Ya pili ni chuma tu kilitoka kwenye gari sijui, mmoja anakwambia kilo 12 mwingine 15. Pleti, yaani vile vyuma vya duara vya kupachika kwenye rodi, ndogo ni za kiwandani, zile kubwa ni zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi na limeandikwa 10 kwa chaki. Siku moja tukabeba mbili mpaka kwa jamaa wa chuma chakavu akatupimia, moja kilo tisa na nusu, mwenzie kumi na moja. Yaani miezi yote ile nilikuwa nashangaa kwa nini bega la kushoto ndo linauma kesho yake, kumbe upande ule nasukuma kilo moja na nusu zaidi! Sasa hivi tumezitia alama ya rangi nyekundu, ukija tafuta zinazolingana.

Faida nimeiona, sitaki kudanganya mtu. Nilianza na kilo 40 mikono inatetemeka, leo 75 napiga mara tano. Zoezi moja linakula kifua, bega la mbele na msuli wa nyuma ya mkono kwa pamoja, na unaongeza kidogokidogo, kilo mbili na nusu wiki hii, wiki ijayo ukishindwa unarudi, hamna siri nyingine. Kuna wanaosema benchi ni mapambo ya kuvalia fulana tu. Aisee, kwenye Paralimpiki mchezo wa kunyanyua vyuma ni benchi peke yake, na Siamand Rahman wa Iran alisukuma kilo 310 pale Rio 2016, na yeye yalikuwa mapambo. Ila ukipiga benchi kila siku bila kuvuta chochote cha mgongo, mabega yanakuja mbele unatembea kama umebeba ndoo, na hapa wamejaa.

Shida yangu kubwa ni usalama. Stendi ina vikombe vya kuwekea rodi basi, pembeni hamna chuma cha kuidaka ikikushinda. Jumapili moja mchana gym tupu, kocha kaenda kula, mi nikajiona mwamba nikaweka 80 mara ya kwanza. Ya kwanza ikapanda, ya pili ikapanda kwa shida, ya tatu ikagoma ikarudi kifuani. Na loki, vile vibanio vya kuzuia pleti zisitoke kwenye rodi, nilikuwa nimefunga pande zote mbili kwa sababu ndo nilivyofundishwa, loki ni usalama, kumbe ukiwa peke yako loki ndo inakufungia ndani, bila loki ungeinamisha upande mmoja pleti zikamwagika ukatoka. Nikaita, singeli ikanimeza. Ikabidi niivingirishe taratibu kutoka kifuani, tumboni, hapo ndo pabaya pumzi inakata, mpaka kwenye nyonga nikakaa. Alama ya zambarau nilitembea nayo wiki mbili. Kuna watu duniani wamekufa hivihivi, rodi imewaangukia shingoni hamna mtu karibu.

Namwambia kocha ananijibu "si ungeniita". Na huyuhuyu kocha ndo anafundisha vijana washike rodi bila kuzungusha kidole gumba eti mkono unakaa vizuri, rodi ikiteleza inaishia wapi kama siyo usoni? Halafu anawapigia kelele "ongeza ongeza" wakati dogo anadundisha chuma kifuani kama mpira na viwiko kavifungua mpaka vimelingana na mabega. Msuli wa kifua mara nyingi unachanika wakati wa kushusha mzigo mzito, so huko kuachia chuma kianguke ndo kubaya zaidi.

Vyuma vya pembeni nimeviomba mara tatu, jibu ni fundi anakuja Jumamosi. Jumamosi ya mwezi gani sijaambiwa.

Nyota tatu kati ya tano, zote tatu za benchi na wana wa jioni. Njoo kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, hapo hata mtu humjui unamwambia "kaka nishikie hii ya mwisho" anasimama nyuma yako mpaka unamaliza na hana maringo. Ukija mchana piga dambeli tu, ikikushinda unaitupa pembeni. Ile ya kilo 15 nati yake imelegea, ikaze kwanza.