Bunduki ya Kwanza ya Kuwindia: Anza na Magazini

“Magazini imeanguka wapi, mama?”

Swali hilo aliniuliza askari wa wanyamapori tuliyepangiwa, Agosti ya mwaka juzi, porini upande wa Manyoni. Tulikuwa tumetembea tangu alfajiri. Mbele yetu, hatua kama themanini, alisimama ngiri dume anachimba mizizi. Mtutu ulikuwa mtupu, maana natembea hivyo siku zote, risasi zinakaa chini kwenye magazini, yaani kisanduku chake tumboni mwa bunduki, mpaka nimeona ninachokifuata. Nikavuta bolti, kile chuma cha kusukumia risasi mtutuni, nyuma, nikaisukuma mbele. Ikapita bila kugusa kitu. Nikapapasa tumbo la bunduki, kidole kikaingia ndani. Tundu tupu! Ngiri akainua mkia wima kama eriali ya redio, akaondoka zake.

Tulirudi kwa nyayo zetu wenyewe kwa muda wa karibu saa tatu, tukifunua majani. Hatukuiona. Ndani yake kulikuwa na risasi nne, na risasi si kitu cha kupoteza ukanyamaza, kwa hiyo jioni nilikuwa mezani kwa polisi nikieleza. Afande wa zamu aliandika sentensi mbili, akaweka kalamu chini. “Yaani bunduki unayo, risasi ndizo zimepotea?” Nikamwambia ndiyo, afande. Akaniangalia kama mtu aliyerudi sokoni na kikapu ila nyanya zimebaki njiani.

Bunduki yenyewe sitaitaja jina. Nilikuwa nimetoa milioni nne na laki saba kwa furaha, maana ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani siku ile. Tangu hapo kila anayeniuliza anunue ipi ya kuanzia namjibu kwa swali la yule askari. Kaka mmoja wa Kondoa alinipigia mwezi uliopita, naye yake ilidondoka ndani ya gari, chini ya kiti, akagundua keshafika porini. Basi niandike moja kwa moja ili nisirudie rudie.

Sitazungumzia shabaha. Bunduki zote nitakazozitaja zinapiga vizuri kuliko mimi na wewe. Kaliba, yaani ukubwa wa risasi, pia sitaikalia: .30-06 ipo tangu 1906, .308 tangu 1952, chukua ambayo risasi zake unazipata bila kumsumbua mtu, inatosha kwa swala pala, kwa ngiri, hata kwa tandala mkubwa. Nyati hayumo humu, kwake kanuni zinaanzia .375, na anayeanza hana sababu ya kumtafuta nyati.

Nazungumzia magazini. Zipo za namna mbili. Ya kwanza imo ndani ya tumbo la bunduki: unafungua bolti, unasukuma risasi moja moja kwa juu kwa dole gumba, na chini kuna kifuniko cha chuma chenye bawaba cha kutolea zile ambazo hukuzitumia. Ya pili ni ya kuchomoa, kisanduku kidogo kinachoshikwa na komeo. Ya kuchomoa ina raha yake, sikatai. Ukirudi garini unaichomoa na, kama mtutu ni mtupu, bunduki imebaki salama papo hapo. Lakini kwenye bunduki za bei ya chini kisanduku hicho mara nyingi ni cha plastiki, na komeo lake ni ulimi mwembamba wa plastiki uliochomoza chini, mahali hasa pale ambapo bunduki inakaa ubavuni ukiibeba kwa mkanda begani. Kila hatua, ulimi unasuguana na mkanda wa suruali. Siku moja unabonyea. Majani makavu ya Agosti yanapiga kelele chini ya viatu, husikii kitu kikianguka.

Halafu kuna vumbi letu. Wanaoishi Dodoma wanalijua, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye sukari iliyofunikwa. Likiingia kwenye komeo la plastiki, komeo halirudi mpaka mwisho. Linaonekana limefunga, kumbe limeegemea tu.

Ukiwa dukani, fanya hivi kabla hujauliza bei. Omba wakuhakikishie ni tupu, nawe uhakikishe kwa jicho na kidole. Ingiza magazini, piga kitako kwa kiganja mara tano sita. Ining'inize begani kwa mkanda, tembea mpaka mlangoni na kurudi, kaa kwenye kiti, inuka. Mwenye duka atakuona kichaa. Kisha uliza maswali mawili: magazini ya akiba ipo hapa hapa dukani leo? Na hii nikiipoteza, naweza kuweka risasi moja kwa juu ikaingia kwenye mtutu bila shida? Nyingine zinakubali, nyingine zinakuacha na bomba la chuma mkononi.

Sasa nizipange, na upendeleo wangu siufichi.

Namba moja ni Brno ya zamani, au mrithi wake CZ 550 iliyotumika, kama utampata anayeiachia. Marehemu baba alikuwa na Brno ZKK 600, ya kiwanda cha Uherský Brod, enzi hizo nchi bado inaitwa Chekoslovakia. Magazini yake imo tumboni, risasi tano, kifuniko cha chuma. Bolti ina ule ukucha mkubwa wa mtindo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani ya 1898, unaishika risasi tangu inapotoka chini mpaka inapoingia, hata ukiwa umeinama vibaya kichakani. Kuna kitu kingine nilichokuwa nakipenda nikiwa mtoto: juu ya mgongo wa bunduki, upande wa nyuma, baba alikuwa anabonyeza kwa ukucha wa kidole, kinachomoza kidirisha kidogo cha kulengea chenye tundu, kama kenge anachungulia shimoni. Matoleo ya mwanzo ndiyo yanacho. Darubini ikipigwa na jiwe, bado una macho.

Kasoro zipo. Baadhi ya Brno hizo za zamani usalama wake, yaani kile kitufe cha kuzuia bunduki isipige, unakwenda kinyume na ulivyozoea, unauvuta nyuma ndipo bunduki ipige. Jifunze huo usalama nyumbani, bunduki ikiwa tupu, mpaka dole gumba lisahau mengine yote. Darubini nayo haikubali pete za kuishikilia za kila aina, mgongo wa bunduki umechongwa reli yake, kwa hiyo dai pete za CZ zenyewe. Na kwa kuwa ni ya mtu mwingine, huipokei mkononi kama simu iliyotumika. Namba iliyo kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye leseni yake, na uhamisho upite polisi. Ya baba ilisalimishwa kituoni alipofariki. Kuiomba kama mrithi ni foleni ile ile ya muombaji mpya: mtaa, kata, wilaya, mkoa. Bado niko kwenye foleni.

Kama unataka mpya, CZ yenyewe siku hizi inauza CZ 600, iliyotoka 2021, na hiyo ina magazini ya kuchomoa. Ila wameiwekea kizuizi cha kuifunga isichomoke kwa bahati mbaya. Ukiona kiwanda kimetengeneza kufuli ya kitu fulani, ujue kilipokea malalamiko. Bei yake lakini si ya anayeanza.

Namba mbili, na kwa wengi wenu hii ndiyo itakuwa namba moja maana inapatikana mpya: Howa 1500 ya Japani. Chuma kizito kilichofuliwa, magazini ya ndani, kifuniko cha bawaba, kitufe chake kimejificha ndani ya kikinga triga ambako mkanda wa suruali haufiki. Marekani inauzwa pia kwa jina la Weatherby Vanguard, mwili ni ule ule, kwa hiyo ukikuta moja ni ghali uliza nyingine. Kwa sisi tunaoamini Land Cruiser kuliko madaktari, niongeze kwamba kampuni hii ilianza 1907 ikitengeneza mashine za kufumia nguo za Sakichi Toyoda, baba yake yule aliyeanzisha Toyota. Najua si sababu ya kununua bunduki. Mimi ingenitosha. Angalia tu usije ukauziwa Howa iliyokwishafungwa magazini ya kuchomoa ya kuongezea, zipo hizo, na muuzaji atakuambia ndiyo “toleo bora”.

Namba tatu, Zastava M70 ya Serbia. Mtindo wa Mauser mtupu kwa bei ya kistaarabu, ukucha upo, kifuniko cha chini kipo. Umaliziaji wa mkono mzito, mbao wakati mwingine kama kinu cha Kigogo, bolti inakwaruza mpaka ilainike. Kwa porini sina neno nayo.

Namba nne, Tikka T3x. Hapa ndipo ninapogombana na shemeji yangu, yeye anaiapia. Ni bunduki nzuri sana kutoka Finland, bolti inateleza kama imepakwa mafuta ya nazi. Lakini magazini yake ni ya plastiki, ya kawaida inabeba risasi tatu, na ya akiba inauzwa kwa bei ya mbuzi mzima. Mwaka 2016 walipanua tundu la juu ili risasi moja iingie kirahisi kwa vidole, nawapongeza. Komeo lake pia limekaa ndani vizuri kuliko la hizo zinazofuata. Ukiwa na pesa ya Tikka na magazini mbili, nunua. Ila hapo tumeshatoka kwenye “bei nafuu”.

Zinazobaki naziweka kapu moja: Savage Axis, Ruger American, Mossberg Patriot. Za Marekani, rahisi, zinapiga kwa shabaha inayotia aibu bunduki za bei mara mbili. Zote magazini za kuchomoa. Ukishindwa kabisa kufikia Howa, nunua mojawapo pamoja na magazini ya pili siku hiyo hiyo, na bila magazini ya pili acha.

Ndipo tunafika kwa wauzaji. Mimi ndiye mwenye kibali, jina langu ndilo lililoandikwa, lakini niliingia na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa dereva wangu tu, na muda wote maelezo alipewa yeye. Mimi nikageukiwa mara moja: “Mama, wewe chukua hii nyepesi, ndiyo ya wanawake.” Bunduki nyepesi ndiyo inayopiga teke begani kwa nguvu zaidi, hesabu ya kawaida kabisa, na mtu anayeziuza hajui au anajua ananiachia bega langu. Bei ikatajwa kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, lakini ukienda sehemu nyingine bado shilingi inatajwa baada ya kikokotoo kutoka mfukoni, na kiwango anakijua mwenyewe. Halafu kuna darubini ya kulazimishwa: “inakuja nayo pamoja.” Inakuja nayo kwa sababu peke yake hakuna ambaye angeinunua.

Niliporudi kutafuta magazini mbadala niliambiwa laki mbili na nusu, nisubiri miezi miwili iletwe kutoka nje. Ilikuja baada ya mitano. Msimu ulikuwa umekwisha.

Nikiwa nasubiri, fundi baiskeli wa Majengo alinikatia utepe wa tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili, kwa shilingi mia tano. Magazini mpya ilipofika niliuvalisha huo utepe kuzunguka tumbo la bunduki, ukiikaba kutoka chini. Unaachia bolti ifanye kazi, na kuuvua ni sekunde moja. Msimu uliopita nilizunguka nao siku sita, ikiwemo siku niliyoanguka korongoni kwa makalio. Magazini haikutikisika. Yule askari aliuona akacheka, akaniomba nimletee wa kwake.